Daftari la mahudhurio lilituambia mapema: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Fedha

Waheshimiwa Mawaziri,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu mkoani Lindi, kuhusu hedhi na mimba za wasichana walioko shuleni. Nimefundisha kwa miaka 26, na miaka 14 ya mwisho nilikuwa katika shule ya sekondari ya kata ambako, mbali na vipindi vyangu vya Kiswahili na Historia, nilipewa kazi ya mwalimu mlezi wa wasichana. Kazi hiyo haina posho wala haimpunguzii mtu vipindi, lakini ndiyo inayofanya ugongewe mlango wa ofisi saa nne asubuhi na mtoto aliyejifunga sweta kiunoni katika joto la Februari. Sikuandika barua hii nilipokuwa kazini kwa sababu mtumishi wa umma huandika kupitia kwa mkuu wake wa kazi, na barua za namna hiyo zina tabia ya kuchoka njiani.

Wiki niliyokabidhi ofisi nilikuta juu ya kabati madaftari ya mahudhurio ya miaka ya nyuma, yamefungwa kwa kamba ya katani na kuliwa pembeni na mchwa. Nilifungua la kidato cha pili la mwaka 2013, mwaka ninaoukumbuka vizuri kwa sababu tulipoteza wasichana watano kwa mimba katika mkondo mmoja. Nilitafuta majina yao. Wanne kati ya hao watano walikuwa na alama za kutokuwepo kwa siku tatu au nne mfululizo karibu kila mwezi tangu Februari, alama zilizosogea siku mbili tatu kutoka mwezi hadi mwezi, kisha kuanzia Agosti au Septemba ukafuata mstari mmoja mrefu hadi mwisho wa mwaka. Pembeni ya alama zile za mwanzo mwalimu wa darasa alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: mtoro. Mwalimu huyo wa darasa nilikuwa mimi.

Katika daftari letu tuliandika mgonjwa, mwenye ruhusa au mtoro. Hapakuwa na neno la mtoto aliyebaki nyumbani kwa sababu shuleni hakuna mlango wa choo unaofungika. Na kwa kuwa mtoro huadhibiwa, nina hakika kwamba baadhi ya viboko na baadhi ya zamu za kufyeka uwanja nilizozitoa mwaka ule vilikuwa adhabu ya hedhi, ingawa wakati ule ningekasirika kama mtu angeniambia hivyo.

Sidai kwamba kila msichana anayekosa masomo siku zake ataishia kupata mimba. Ninachosema ni kwamba serikali yetu imeyagawa mambo haya katika mafungu mawili yasiyosalimiana. Hedhi imeachiwa wafadhili na maadhimisho ya Siku ya Hedhi Salama, tarehe 28 Mei, na mimba imeachiwa polisi, nyaraka na hotuba za mikutano ya hadhara. Kwa mtoto mwenyewe hayo ni safari moja. Anakosa siku tatu, anarudi na kukuta hesabu imeshavuka hatua mbili, anaadhibiwa kwa utoro, anakaa nyuma ya darasa ili asiulizwe swali, na mwezi unaofuata anakosa tena. Mwaka wa masomo una siku 194. Hata tukiziondoa hedhi zinazoangukia Jumamosi, Jumapili na likizo, msichana anayekosa siku tatu kwa miezi tisa amepoteza siku 27, yaani karibu siku moja katika kila saba. Mtoto wa namna hiyo ameshaanza kuachwa na shule kabla hajaiacha yeye, na anapotokea mtu wa kumwambia kwamba kuna maisha mengine nje ya lango, anamsikiliza kwa makini kuliko anavyonisikiliza mimi ninayemfundisha ngeli za nomino.

Naomba mnivumilie nieleze mtu huyo wa nje ya lango anavyopata nafasi. Kaya nyingi za kwetu hupata fedha za maana mara mbili kwa mwaka, yaani wakati wa mnada wa ufuta katikati ya mwaka na wakati wa mnada wa korosho kuanzia Oktoba. Hedhi haifuati kalenda ya chama cha ushirika. Mwezi Machi, pakiti moja ya pedi inayouzwa dukani kati ya shilingi 1,500 na 3,000 inashindana na chumvi, mafuta ya taa na unga, na mama aliyebakiwa na debe la makopa, yaani mihogo mikavu, hawezi kulaumiwa kwa kuchagua unga. Msichana hutumia kipande cha kanga kuukuu. Kitambaa hakina ubaya wowote kikifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, ila jua ndilo hasa alilokatazwa, kwa maana amefundishwa kwamba kitambaa chake kisionwe na baba, kaka wala mpita njia, na kwa hiyo hukianika nyuma ya mlango au chini ya godoro na kesho yake akakivaa kikiwa na unyevu. Hapo ndipo hutokea mwenye pikipiki. Humpakia bure kilomita saba za kwenda shule, na siku moja humwachia shilingi elfu mbili za mahitaji bila kumuuliza ni mahitaji gani. Si kila dereva wa bodaboda ana nia mbaya. Wengi wao ni wanafunzi wangu wa zamani, na wapo waliowahi kuniletea taarifa za watoto waliokuwa hatarini. Lakini wasichana walioketi mbele yangu wakilia, wakieleza jinsi mambo yalivyoanza, walitaja zaidi ya mara moja pedi, sabuni na mafuta ya kujipaka. Hawakutaja simu wala nguo za fasheni, ambazo sisi watu wazima hupenda kuzitaja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, ombi langu la kwanza linahusu komeo. Kiwango cha taifa kinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na mwongozo wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka wasichana wawe na chumba cha kujistiri chenye maji na mahali pa kutupia au kuchomea taka. Shule yangu ilikuwa na wasichana 240. Ilistahili kuwa na matundu 12. Tulikuwa na sita, mawili kati yake hayana milango, na mengine milango yake inashikwa na rafiki anayesimama nje kama askari wa zamu. Maji yalitoka kisima cha kijiji, mita mia nne kutoka shuleni, na wa kuyachota walikuwa wasichana haohao. Siku moja tuliamua kutosubiri. Tulinunua bawaba na makomeo ya milango iliyokuwepo, ndoo mbili zenye mifuniko na sabuni ya mche, kwa fedha isiyozidi gharama ya chai ya kikao kimoja cha bodi ya shule. Wiki ile ile wasichana walianza kwenda chooni wakati wa mapumziko, jambo ambalo awali wengi wao hawakulifanya kuanzia asubuhi hadi wanaporudi nyumbani, wakibana mkojo na wakibaki na kitambaa kimoja kwa saa nane. Tumejenga madarasa mengi na mazuri katika miaka ya karibuni, na nina shukrani kwa hilo. Naomba tu kwamba darasa jipya lisipokelewe wala kukatiwa utepe mpaka mkaguzi awe ameingia katika choo cha wasichana, akafunga mlango kwa ndani na kuangalia kama kuna maji.

Sasa nije kwenye taulo za kike zenyewe. Nimesikia mara nyingi kwamba shule zinunue pedi kwa kutumia ruzuku ya uendeshaji. Naomba tufanye hesabu pamoja. Kwa utaratibu ulioanza na elimu bila ada mwaka 2016, mwanafunzi wa sekondari ametengewa shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu yake hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo shule yenye wanafunzi 450 huona mkononi shilingi 5,625,000 kwa mwaka mzima kwa ajili ya mitihani, karatasi, ukarabati mdogo, umeme na mengine yote. Tukiwapa wasichana 240 pakiti moja moja ya shilingi 2,000 kwa miezi kumi, tutatumia shilingi 4,800,000. Mkuu wa shule aliyebaki na shilingi 825,000 hawezi hata kuchapa mitihani ya muhula. Ndiyo maana anapoambiwa atumie ruzuku hununua pakiti kumi, akazifungia kabatini na kuziita za dharura, na ufunguo akakaa nao yeye, mwanamume, katika ofisi ambayo mtoto wa kike anaogopa kuingia.

Linalohitajika ni kifungu kinachojitegemea katika bajeti, chenye jina lake, kinachofika shuleni kama ruzuku inavyofika na kukaguliwa kama ruzuku inavyokaguliwa. Hakuna shule inayosubiri mfadhili ili ipate chaki. Nimeshuhudia misaada ya pedi ikiletwa na watu wema, na sitaki kuwavunja moyo, lakini nimeona pia namna inavyotolewa: wasichana wanapangwa mstari uwanjani, wavulana wakitazama, mgeni rasmi anamkabidhi mmoja boksi mbele ya kamera, na mtoto yule anaitwa jina la boksi lile hadi anamaliza shule. Maboksi huja Mei na kwisha Julai. Hedhi ya Agosti huwakuta wasichana pale pale walipokuwa Aprili.

Kwa upande wa uzalishaji hatuna haja ya kutazama mbali. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye sehemu yake ya wanawake na vijana, inaweza kuwafikia mafundi cherehani wanaoshona pedi za kufua, ambazo zikitunzwa vizuri hutumika zaidi ya mwaka mmoja, na halmashauri hiyohiyo ikawa mnunuzi wa kwanza kwa ajili ya shule zake. Mafundi hao wako kila kata. Wengine wao ni wasichana tuliowafukuza shule kwa mimba. Ila pedi za kufua zinataka maji, sabuni na jua, na hapo tunarudi kwenye kisima na kwenye aibu ya kamba ya kuanikia.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, lako ni la kodi. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike, na sisi walimu walezi tulishangilia. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka na kwamba unafuu ulibaki kwa wafanyabiashara, na badala yake wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo hizo wakapunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Maelezo yale yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa ya ugonjwa ule. Bidhaa inaposamehewa, mzalishaji hatozi kodi anapouza, lakini pia hawezi kudai kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio, na hivyo sehemu ya kodi hubaki imejificha ndani ya bei. Bidhaa inapotozwa kwa kiwango cha sifuri, mzalishaji hurejeshewa alicholipa, na hapo ndipo anapokosa kisingizio. Msamaha wa mwaka mmoja, uliotangazwa bila usimamizi wowote wa bei rejareja, ulikuwa jaribio ambalo lisingeweza kufaulu, kisha likatumiwa kuthibitisha kwamba wazo lenyewe halifai. Jirani zetu wa Kenya waliondoa kodi hiyo tangu mwaka 2004, na mwaka 2017 wakaandika katika sheria yao ya elimu ya msingi kwamba Serikali itampa kila mwanafunzi wa kike aliyebalehe taulo za kutosha bila malipo. Utekelezaji wao umekuwa na mapungufu yake, lakini mzazi wa Kenya anapodai ana kifungu cha sheria cha kushika mkononi. Wa Lindi ana hotuba.

Kuna jambo la mafunzo ambalo fedha peke yake haiwezi kulitatua. Huku kwetu unyago ungali hai. Watoto huingizwa ndani wakati wa likizo, na wengine siku hizi huingizwa wakiwa hawajavunja ungo, wakiwa na miaka tisa au kumi, kwa sababu mzazi anataka kuokoa gharama kwa kuwacheza mabinti wawili kwa mara moja. Kungwi humfundisha mtoto mambo ambayo mimi na mtaala wangu hatukuwahi kuyafundisha kwa uwazi: namna ya kukunja kitambaa, namna ya kukifua, namna ya kuhesabu siku. Kisha, katika mafunzo yaleyale, humweleza kwamba sasa amekuwa mtu mzima na namna ya kuishi na mume. Nimeona maofisa wakija na kuupiga vita unyago kwa vipaza sauti, na unyago ukahamia porini zaidi. Niliwahi kumwita kungwi mmoja mashuhuri wa kata yetu aje shuleni azungumze na wasichana pamoja na muuguzi wa zahanati. Yule mama alikubali kwa sharti kwamba asikosolewe mbele ya watoto, na katika saa mbili alizozungumza alisema mwenyewe kwamba kuvunja ungo ni kama mwembe kutoa maua, na kwamba hakuna mtu mwenye akili anayepanda juu ya mti kuchuma maua. Sikuwahi kufundisha somo hilo vizuri kuliko yeye. Makungwi wanastahili kukaa meza moja na maofisa wa afya na elimu wa kata, na wavulana nao wanastahili kuambiwa hedhi ni nini, ili sweta iliyofungwa kiunoni isiwe kichekesho.

Sasa naomba niseme jambo ambalo si jepesi kwangu. Kwa miaka kadhaa, kila muhula ulipofunguliwa, mimi na mwenzangu tuliwapanga wasichana mstari, tukawaingiza mmoja mmoja katika chumba cha stoo, na kuwabonyeza tumbo. Baadaye vilikuja vipimo vya mkojo. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali, na hakuna aliyewapima wavulana chochote. Aliyekutwa na mimba aliitiwa mzazi, akaandikiwa barua, akakusanya madaftari yake, na sisi tukarudi darasani tukiamini kwamba tumelinda maadili ya shule. Kanuni za mwaka 2002 za kumfukuza mwanafunzi ziliruhusu afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na sisi tulilisoma neno maadili kama neno mimba. Wale watano wa mwaka 2013 waliondoka kwa njia hiyo. Mwezi Juni 2017 likaja tamko la Rais wa wakati ule kwamba aliyezaa asirudi shule, na kilichokuwa mazoea kikawa kama amri. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Center for Reproductive Rights, ilisema kwamba kuwapima kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Nilisoma habari hiyo nikiwa peke yangu ofisini, nikakitazama kile chumba cha stoo.

Ninaitambua hatua kubwa iliyochukuliwa tarehe 24 Novemba 2021, pale Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurejea katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo uliouweka uamuzi huo katika maandishi. Matokeo ya utafiti wa afya ya uzazi nayo yanatia moyo: mwaka 2015-16 wasichana 27 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, na mwaka 2022 walikuwa 22. Lakini waraka hufutwa na waraka, na mkuu wa shule asiyependa kumrudisha msichana haitaji hata kuufuta. Anamwambia tu kwamba nafasi zimejaa, au kwamba alete sare mpya, au kwamba mtoto akikua kidogo tutaona. Mheshimiwa Waziri wa Elimu, haki hii iandikwe katika Sheria ya Elimu yenyewe, na kupima mimba kwa lazima kukatazwe humo humo kwa maneno yasiyohitaji mkalimani.

Na aliyerudi arudi na nini? Kwa miaka miwili nilipokea wasichana wanne waliojifungua. Wawili waliondoka tena kabla ya mtihani, na hakuna aliyewafukuza. Mtoto mchanga anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na kipindi cha kwanza kinaanza kabla ya saa mbili asubuhi. Msichana aliyeacha kichanga kwa bibi yake kilomita tano kutoka shuleni huloa kifua kufikia saa tano, na sweta inarudi tena, safari hii ikifunika mbele. Mmoja wao alinyonyeshea ofisini kwangu wakati wa mapumziko, mtoto akiletwa na mdogo wake ambaye kwa sababu hiyo naye alikuwa akikosa shule ya msingi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini, vimeonyesha njia, kwani kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimepokea wasichana wenye watoto na vikaweka mahali pa kulelea watoto hao mama zao wakiwa darasani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina vituo vyake vya njia mbadala. Hizo ni njia nzuri kwa anayezichagua. Lakini chuo kilicho wilaya nyingine si jibu kwa mtoto wa miaka 16 anayetaka kurudi kwenye dawati lake, na shule ya kata inahitaji chumba kimoja, mkeka, maji na mama mmoja wa kijiji anayelipwa kitu kidogo. Wapo pia wanaohitaji tu ratiba ilegezwe, yaani aruhusiwe kuchelewa kipindi kimoja bila kuandikwa mtoro.

Kuhusu baba wa watoto hawa nitasema kidogo. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo ni kubwa kiasi kwamba familia nyingi, zikiwa na jirani au ndugu upande wa pili, humalizana nyumbani kwa mbuzi na ahadi ya ndoa, na mtoto akabaki bila kesi na bila matunzo. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zimeshasema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 vinakiuka Katiba, kwa hiyo ahadi hizo za ndoa hazipaswi tena kuwa na mahali pa kuegemea. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa njia ya kudai matunzo mahakamani, njia ambayo sijaona msichana hata mmoja wa kata yangu akiipita, kwa sababu afisa ustawi wa jamii yuko makao makuu ya wilaya na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya pakiti mbili za pedi.

Waheshimiwa, Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Kabla halijakaa, ninaomba maofisa wenu waende katika shule moja ya kila halmashauri na kufungua madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu iliyopita, wakitafuta katika majina ya wasichana siku zile tatu tatu zinazojirudia, kisha waangalie mwaka uliofuata majina hayo yako wapi. Ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji mshauri mwelekezi. Kuanzia hapo, kila mwalimu wa darasa aelekezwe kwamba msichana mwenye alama za namna hiyo aitwe na mwalimu mlezi mwezi wa pili, akiwa bado anakuja shule, badala ya kuitiwa mzazi mwezi wa tisa.

Mmoja wa wale watano alisoma jioni katika kituo cha elimu ya watu wazima akiwa na miaka 24, baada ya kutwa nzima ya kukaanga mihogo stendi, na sasa ana cheti chake cha kidato cha nne. Tulipokutana hakunilaumu, jambo ambalo lilinisumbua zaidi kuliko lawama. Binti yake yuko darasa la tano. Miaka michache ijayo, akijaliwa, atapangiwa shule ya kata ileile, na mama yake aliniuliza kama vile vyoo viwili vimeshawekwa milango.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Lindi